Kizuizi cha Taa ya Vifaranga



Vilima vyetu vya Ngara vina baridi usiku, hasa katika Juni na Julai. Mwaka mmoja kicheche alimwua kuku wetu, akaacha vifaranga kumi na wawili wa siku tatu. Tukawatia sandukuni, katikati tukaweka taa ya chemli ikiwaka, tukalala tukidhani tumetenda wema. Alfajiri tukakuta watano wamekufa. Walikuwa wamesongamana kutafuta joto, wakabanana kwenye kioo, wakaungua.

Mwanafunzi wetu mmoja mdogo akauliza, "Maalim, na habari ya yule ndege uliyotusomesha?"

Habari hiyo imo katika Sunan ya Abu Daud. Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, Mtume (s.a.w.) akaamuru mama yao arudishiwe. Kisha aliona kichuguu cha sisimizi kimechomwa, akakataza kuadhibu kwa moto, kwani hiyo ni haki ya Mola wa moto peke yake. Hatukuwa na jibu. Hatukukusudia kuwachoma, lakini pia hatukuangalia.

Siku ile ile tulitwaa wavu wa waya wenye matundu madogo, tukauzungusha kuizunguka taa, tukiacha nafasi ya vidole vinne kati yake na kioo. Ncha za waya tukazipinda ndani zisichome. Juu tukaufunga kwa umbo la pia, mbali na mdomo wa taa, kifaranga asipate pa kutua. Taa tukaisimamisha juu ya tofali, mbali na majani makavu, wala sanduku hatukulifunika lote.

Na kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuacha moto nyumbani watu wakilala, usiku taa huzimwa, na ndani ya kizuizi kile huwekwa chungu cha maji ya moto chenye kifuniko. Tuamkapo kusali usiku, twabadili maji.

Juma la kwanza vifaranga wahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, kisha hupunguzwa kidogo kila juma mpaka waote manyoya. Wakisongamana, wana baridi. Wakikimbilia pembeni wakitweta, joto limezidi. Mwenye kutumia jiko la mkaa na ajihadhari: hewa yake huua bila harufu, basi mtu asilale chumba hicho.

Wale saba walikua wote. Lakini yatupasa kuwakumbuka watano, kwani huruma isiyo na uangalifu yaweza kudhuru kama ukatili. Mwenyezi Mungu atusamehe. Amin.