Picha ya Kasuku

Tulishuka Dar es Salaam kutoka Mzinga pamoja na watoto wa shule, tukaingia bustani ya wanyama na kamera yetu. Katika tundu moja mlikuwa na kasuku mdogo, mwili wake rangi ya majani, uso wa chungwa, mdomo mwekundu. Kwao ni kusini ya Ziwa Viktoria. Tuliona haya: ndege wa nchi yetu wenyewe, nasi twamwona kwanza kifungoni!

Tulipiga picha tatu. Zilipokwisha kusafishwa, waya za tundu zilionekana wazi kabisa, na ndege kama ukungu.

“Mwalimu, amefungwa kwa kosa gani?” akauliza mtoto mmoja.

Tukamweleza kwamba mwaka 2016 serikali ilikataza kusafirisha wanyama hai wa porini nchi za nje.

“Na huyu je?”

Tukanyamaza.