Tanuri la Gesi na Samaki wa Kidete

Akina mama wengi waliozoea kukausha samaki kwa kuni hudhani kwamba tanuri la gesi ni kazi nyepesi. Fungua mtungi, washa kiberiti, zungusha swichi, kisha kaa kitako na kusuka ukili mpaka samaki waive. Sisi wa hapa Kidete, wilayani Kilosa, tumelitumia tanuri la namna hiyo kwa misimu miwili sasa, na tunapenda kuwashirikisha wasomaji wenzetu tuliyoyaona, hasa juu ya jambo moja linalosumbua kuliko yote: namna ya kulituliza joto lake.

Kidete iko kwenye Reli ya Kati, kati ya Kilosa na Gulwe, katika bonde la Mto Mkondoa. Mto huu hutulisha na hutuumiza. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliing'oa reli yenyewe katika bonde hili, na treni zikakatika. Lakini maji hayo hayo ndiyo yanayoleta perege na kambale, nao huja kwa wingi wakati wa mvua, yaani wakati ule ambao jua la kuwaanikia halipo. Samaki akikosa jua na akakosa barafu, hana budi kwenda motoni siku ile ile. Kwetu samaki mkavu ni kitoweo, na pia ni madaftari ya watoto na sabuni ya mwezi mzima.

Kwa nini tuliacha kuni? Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi hatuwezi kulinyamazia jambo hili. Mama anayekausha samaki kwa kuni hukaa ndani ya moshi nusu ya usiku, mara nyingi na mtoto mgongoni. Asubuhi macho ni mekundu, kifua kinakoroma, na mtoto naye anapumua haraka haraka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao si watu wa mbali. Ndio sababu mwezi Mei 2024, serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, sisi akina mama wa kanisa letu tulikaa chini tukajiuliza kama na samaki nao wanaweza kuhama kutoka kwenye kuni. Tukachanga, fundi mmoja akatutengenezea sanduku la chuma lenye vichanja vinne vya waya, kichwa cha jiko la gesi chini, na bomba la moshi juu.

Usiku wa kwanza samaki walibadilika rangi upesi mno. Ngozi ikawa ya dhahabu, tena ya kupendeza, na kila mtu akasifu. Lakini siku ya nne ukimvunja perege karibu na mfupa, unakuta nyama mbichi yenye maji, na harufu imeanza. Siku ya saba wakaota ukungu. Hii ndiyo hatari ya joto kali la haraka: nje hukauka na kujifunga kama ganda, na maji ya ndani hukosa njia ya kutoka. Anayenunua samaki huyo sokoni haoni kitu. Anayekula ni mtoto wake.

Basi shida ni nini? Kwa kuni, mama anajua kuupoza moto: anavuta kijinga kimoja nje, anaziba mlango kwa bati, moto unakosa hewa unalala. Gesi haifundishwi hivyo. Ukiiziba hewa haipoi, bali inaungua vibaya. Moto wa buluu unageuka njano, masizi yanapanda kwenye samaki, na inatokea ile hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, ambayo humlaza mtu usingizi asioamka. Tena kuna jambo ambalo sisi lilitushangaza. Gesi inapoungua hutoa maji! Kila kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Kwa hiyo ukifunga bomba la juu ili kutunza joto, unamchemsha samaki kwa mvuke wakati unadhani unamkausha.

Kwa sababu hiyo sheria yetu ya kwanza ni kwamba bomba la juu na matundu ya hewa ya chini hayafungwi kamwe wakati gesi inawaka. Joto linapunguzwa kwenye mwali wenyewe, au kwa kitu kinachowekwa kati ya mwali na samaki.

Hapo kwenye mwali napo pana mtihani. Kichwa cha jiko tulicholetewa kilikuwa kikubwa, cha kuchemshia sufuria ya ubwabwa wa harusi. Hata ukikipunguza mpaka mwisho, bado kinatoa joto la kuoka mkate, na ukizidi kukipunguza upepo mdogo tu unakizima, gesi inaendelea kutoka bila kuungua. Tulikibadilisha tukaweka kidogo, kama kile cha jiko la nyumbani la plati moja. Moto mdogo unaowaka vizuri ni bora kuliko moto mkubwa ulionyongwa. Pia tuliachana na mtungi wa kilo 6 ambao jiko lake hufungwa moja kwa moja juu ya mtungi, tukachukua wa kilo 15 wenye regulata. Gesi ikitoka kwa saa nyingi, mtungi mdogo hupoa mpaka unatoka jasho, na nguvu ya moto inashuka yenyewe. Regulata husawazisha. Na mtungi, mama mwenzetu, hukaa nje ya tanuri, umesimama wima, mbali kwa urefu wa mpira wake, wala si chini ya sanduku hata kama nafasi ni finyu.

Lakini dawa kubwa ilikuwa mchanga. Mchanga wa mtoni tu, tulioosha na kuukausha, tukaujaza kwenye karai pana la chuma, kina cha vidole vitatu, tukaliweka juu ya mwali. Kabla ya hapo samaki wa katikati waliungua na wa pembeni walibaki wabichi. Mchanga huchukua joto polepole na kulitoa polepole, tena kwa upana wote wa karai. Upepo ukipiga na mwali ukayumba, samaki hawajui. Wapo wanaoshauri beseni la maji badala ya mchanga, kwa kuwa maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100. Ushauri huo ni mzuri kwa samaki wa kuliwa jioni ile ile, maana hutoka laini. Kwa samaki wa kuweka haufai, kwani unamwongezea unyevu yule unayetaka kumkausha.

Dawa ya pili ni udongo. Sanduku la chuma tupu ni kama mtu asiye na blanketi: mlango ukifunguliwa mara moja tu joto lote limekwenda, na mtu hukimbilia kuongeza gesi. Tulilijengea ukuta wa matofali ya udongo pande tatu. Si ugunduzi wetu. Akina mama wa Chorkor, kule Ghana, wana tanuri lao la kuta nene lililoanza kutumika tangu miaka ya 1970 na kuenea nchi nyingi za Afrika, na huko Thiaroye, Senegal, likatokea jingine lenye namna ya kutenga moto na moshi ili mafuta ya samaki yasidondokee makaani. Hilo la mafuta lisidharauliwe. Yakidondoka motoni huwaka ghafla, joto linaruka, na moshi wake una vitu vinavyohusishwa na saratani. Karai letu la mchanga linayapokea mafuta hayo, nasi tunaubadilisha mchanga kila baada ya mikupuo michache.

Juu ya kipimajoto tuna neno. Kile cha zahanati hakifai, mwisho wake ni nyuzi 42. Tulinunua cha kuokea mikate, chenye uso wa saa, tukakining'iniza kwenye kichanja penye samaki. Fundi alikuwa ametuwekea kingine mlangoni juu, nacho kilikuwa kinasoma joto la hewa inayokimbilia nje, tofauti kabisa na ya kichanjani. Katika kundi letu yumo bibi mmoja ambaye huingiza kiganja mlangoni na kuhesabu kimoyomoyo mpaka ashindwe kuvumilia. Tukamlinganisha na kipimajoto kwa wiki nzima. Mara nyingi walipatana! Lakini bibi hawezi kukesha kila usiku, na kiganja chake hatuwezi kukiazima.

Mwendo wetu sasa ni huu. Samaki wanapasuliwa, wanaoshwa, wanakaa kwenye maji ya chumvi, kisha wananing'inia penye upepo mpaka ngozi iache kuteleza. Wanaingia tanurini kwa nyuzi 30 hadi 40, mlango ukiwa wazi kidogo, mpaka ngozi ikauke. Halafu 50, na hapo ndipo tunaweka moshi. Mwisho tunapandisha hadi 80 na kuwaacha waive. Nyama ya ndani kabisa, karibu na mfupa wa mgongo, inatakiwa ifike nyuzi 63 na kukaa hapo kwa nusu saa. Tunachoma kipimajoto cha sindano kwenye samaki mnene kuliko wote, hatumpimi mwembamba ili kujifurahisha. Baadaye tunarudi chini ya 60 kwa saa nyingi za kukausha. Vichanja vinabadilishana nafasi, cha chini kinakwenda juu.

Na moshi unatoka wapi, ikiwa hakuna kuni? Tunatia magunzi ya mahindi au vipande vya mwembe mkavu katika kopo lenye matundu machache, tunalikalisha pembeni ya karai, mbali na mwali. Yanatakiwa yafuke, yasiwake. Yakiwaka, joto linaruka nyuzi 20 kabla hujageuka. Msonobari na mkaratusi tunauepuka, kwa utomvu na mafuta yake. Wala tusitumie pipa lililowahi kubeba dawa ya shambani, hata lingeoshwa mara saba, wala mabati yenye rangi ya fedha karibu na moto, maana ile rangi ikipashwa sana hutoa mvuke mbaya.

Kila jioni kabla ya kuwasha tunapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Likitoa mapovu, hatuwashi. Gesi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya kwenye shimo au kona, kwa hiyo tanuri liko chini ya paa lisilo na kuta. Watoto hawachezi hapo.

Wengine walitucheka kwamba Bwana wetu aliwaandalia wanafunzi samaki juu ya makaa kando ya bahari ya Tiberia, nasi tunajifanya wajuzi. Tuliwajibu kwamba wale samaki waliliwa asubuhi ile ile, hawakusafirishwa hadi Dodoma.

Gesi ni ghali, hilo hatulifichi. Tunaupima mtungi kwa mizani kabla na baada ya kila mkupuo na kuandika daftarini, na tangu tuweke mchanga na ukuta, kilo moja ya gesi inakausha samaki wengi zaidi. Hatuwashi kwa samaki wachache, tunangojana mpaka vichanja vyote vijae. Samaki wakitoka tunawaacha wapoe kabisa kabla ya kuwafunga, katika vikapu na karatasi, kwani samaki wa moshi akibanwa mahali pasipo hewa huweza kuzaa sumu isiyoonekana wala kunuka.

Kinachotushinda bado ni kambale mkubwa. Mafuta yake ni mengi na mgongo wake mnene, na hata akipasuliwa vipande vinne hukaa tanurini hadi alfajiri. Mwenzetu mmoja amependekeza tumkatie kichanja chake peke yake, chini kabisa, juu ya mchanga. Tutajaribu mvua zikianza.