Kasri Feki Iliyojengwa kwa Mchanga, na Bado Iko

Wasee, kuna kasri moja huko Uingereza ambayo ni feki kabisa, na mimi nimeipenda kushinda zile za ukweli.

Iko Bude, mji mdogo wa pwani kule Cornwall, kusini-magharibi, mahali mawimbi ya Atlantiki yanapiga ufuo. Ukiiona kwa picha unaweza kudhani wafalme walipigania hapo. Juu ya ukuta kuna yale meno meno ambayo kwa kasri za kale askari alikuwa anajificha nyuma yake. Lakini hii ilijengwa karibu mwaka 1830, na ilikuwa nyumba tu ya mtu kuishi. Waingereza wenye uwezo enzi hizo walipenda sana hiyo staili, nyumba mpya kuvaa nguo za babu. Leo tungesema ni filta.

Mwenyewe aliitwa Goldsworthy Gurney, alizaliwa 1793 huko huko Cornwall. Udaktari alijifunza kwa kufanya kazi chini ya daktari mmoja wa mji wa Wadebridge. Mwaka 1820 akahamia London, akaanza kufundisha watu kemia na kuunda vitu. Aliunda gari la mvuke, na 1829 likasafiri kutoka London mpaka Bath. Njiani, mji wa Melksham, umati ukalipiga mawe. Baadaye barabara kadhaa zikatoza magari ya mvuke ushuru mzito kushinda wa magari ya farasi, na biashara ikaanguka.

Sasa huyo ndiye mtu aliyekodi kipande cha ardhi kwa rafiki yake, Sir Thomas Acland, akaamua kujenga. Na hiyo ardhi ilikuwa mchanga. Vilima vya mchanga wa ufuo, bahari hapo mbele.

Kama ulipitia Sunday school unajua hii hadithi inaisha aje. Mwenye akili anajenga kwa mwamba, mjinga anajenga kwa mchanga, mvua inakuja, nyumba inaenda. Lakini Gurney hakwenda kutafuta mwamba. Alimwaga zege, bamba moja kubwa chini ya nyumba yote, kama rafu inayoelea, halafu akasimamisha kuta juu yake. Ukijenga kwa mchanga bila hilo bamba, upande mmoja unazama kuliko mwingine na ukuta unapasuka. Ukiwa nalo, uzito unasambaa, na hata nyumba ikizama kidogo, inazama pamoja. Leo mafundi wanafanya hivyo kila siku. Wakati huo ilikuwa kitu kigeni. Ile simiti ya Portland yenyewe ilikuwa imesajiliwa juzi tu, 1824.

Karibu miaka 200 baadaye, kasri imesimama.

Mbona nawaambia haya? Niliacha chuo mwaka wa pili, hiyo mnajua. Shangazi yangu ni mtu wa heshima, hawezi kuniita mjinga. Yeye husema tu, "Mwanangu, unajenga kwa mchanga." Na mimi simbishii, kwa sababu hii kazi ni mchanga kweli. Mwezi huu video inaenda, mwezi ujao mtandao umebadilisha mambo yake na hakuna mtu anakuona. Leo kampuni inakutafuta, kesho haishiki simu yako.

Chenye sikubali ni wale wanaokwambia uache shule, ujiamini, mambo yatajipa. Hao wanakuonyesha meno ya ukuta. Gari la kukodi, picha ya hoteli, viatu vipya. Gurney hakushikilia nyumba yake kwa kujiamini. Alikuwa ameshika kemia miaka mingi kabla ya kumwaga hiyo zege. Alijua mchanga ni mchanga, hakujidanganya kwamba ni mwamba, ndiyo maana akaupangia.

Kwa hivyo swali la shangazi nimelibadilisha. Najiuliza chini ya huu mchanga nimemwaga nini. Kwa sasa bamba langu ni jembamba, sitawadanganya. Najua kuhariri video vizuri kiasi kwamba watu wengine wananilipa nihariri zao. Nasoma mkataba mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi. Kila malipo yakiingia, kuna kiasi hakiguswi. Na kuna kozi ya jioni naifuatilia, ya uhasibu, ambayo hamtawahi kuiona kwa video kwa sababu haina mvuto wowote.

Hata Gurney hakuishia kwa kasri. Aliendelea, akaunda taa kali iliyoitwa Bude Light kwa jina la huo mji. Kule bunge la London, taa 3 kama hizo zilichukua nafasi ya mishumaa 280. Ule mwanga ndio watu waliona. Miaka ya giza kabla yake, ya gari kupigwa mawe na pesa kupotea, hakuna aliyeipigia makofi.

Siku hizi kasri ya Bude ni makumbusho ya mji. Wageni wanakuja, wanapiga picha yale meno ya juu, wanaenda. Zege hawaipigi picha, iko chini.

Wewe pia uko kwa mchanga, najua wengi wenu mko. Yako umemwaga, ama bado unapaka rangi meno?