CHUMBA NA SEBULE, SEHEMU YA 5: Kitambaa cha mama mkwe

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa matatu tu, ila niliahidi sehemu ya tano kwa hiyo ngoja niiandike kabla watoto hawajarudi. Mlioniuliza kuhusu mapazia na rangi za makochi, nitawajibu wiki ijayo. Leo naongelea meza, na hii nimeikwepa tangu sehemu ya kwanza.

Kwa mnaojiunga leo: mimi ni nesi, nimepanga Tabata, chumba na sebule, mume na watoto wawili. Sebule yangu ni futi 10 kwa 12. Humo humo kuna kochi la watu watatu, kabati la TV, friji ndogo na kona ya jiko. Ukifungua friji, aliyekaa kwenye kochi inabidi akunje miguu. Mnanielewa.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe alinifumia seti nzima ya vitambaa. Vya makochi, cha TV, na kimoja kikubwa cheupe cha meza, kingo zake zote zimezungushiwa maua, yananing'inia shubiri nzima kila upande. Alikifuma kwa miezi, na macho yenyewe yanamsumbua. Nilikipenda kile kitambaa. Kilifanya chumba changu cha kupanga kionekane nyumba ya mtu mwenye kwake.

Jumapili moja asubuhi, mtoto ana miezi 11. Anatambaa, ameanza kujishikilia asimame. Nilimimina chai kwenye kikombe, nikakiweka mezani. Katikati, jamani, wala si ukingoni. Nikageuka kuchukua sukari nyuma ya pazia la jikoni. Hatua tatu. Mtoto akashika ua la kitambaa ajivute. Kitambaa kikaja, na kikombe kikaja nacho.

Nataka niwaambie ukweli. Mimi nimefunga vidonda vya moto vya watoto wa watu, mikono haitetemeki. Siku ile nilisimama. Nilisimama pale naangalia mvuke unatoka kwenye fulana ya mwanangu, kama siyo mimi niliyesomea. Kilichonizindua ni jirani yangu, mama mapacha, aliyeingia mbio na dawa ya meno, kifuniko ameshakitoa. Nilimpiga mkono dawa ikaanguka. (Nilimwomba msamaha baadaye, tukacheka, tukalia.)

Nilimvua mtoto fulana, nikambeba mpaka bombani uani, nikafungua maji yatiririke begani na mkononi. Dakika 20. Mama mapacha alishika simu anahesabu, mimi nimemfunika mtoto sehemu nyingine na khanga asipate baridi. Dakika 20 ni ndefu sana mtoto akilia, utataka kuacha kwenye ya tano. Usiache. Kama bomba halitoi, mimina ya kwenye ndoo kwa kata, taratibu, mfululizo. Nguo ikiwa imegandia kwenye ngozi usiivute, waachie hospitali. Halafu funika na kitambaa kisafi, uondoke. Usipake asali, wala ute wa yai, wala unga, wala mafuta. Na dawa ya meno ni ya meno.

Hospitali daktari aliniuliza ilikuwaje. Nikasema kikombe kilianguka. Ni kweli, kilianguka. Nesi mzima, ningeanzia wapi kusema nilitandika meza vizuri ndiyo maana mwanangu ameungua? Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu, na chai iliyotoka kwenye chupa muda huo inamuunguza vibaya kwa sekunde chache tu. Hayo nilikuwa nawaambia wamama wenzangu wodini kila wiki. Kovu lipo mpaka leo, begani. Ana miaka 6, anasema ni ramani.

Tuliporudi, jioni ile nilikaa chini kwenye kapeti, urefu wa mtoto, nikaiangalia sebule yangu. Jaribuni hili leo, hata kabla ya kupika. Kutoka pale juu ulipozoea, unaona maua na vitambaa. Kutoka chini niliona waya wa pasi unaning'inia. Mshikio wa sufuria umetokeza nje ya jiko. Ndoo ya maji haina mfuniko, na mtoto wa mwaka mmoja kichwa chake ni kizito, akitumbukia hawezi kujitoa, hata maji yawe kidogo chini ya ndoo. Chini ya kabati kulikuwa na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, nimeyaweka mwenyewe. (Hayo mtoto akiyanywa, usimtapishe na usimpe maziwa, kimbia hospitali. Akitapika yanaingia kwenye mapafu.)

Meza nikaiuza. Ilikuwa ya kioo, ndefu, imekula sebule nusu. Nilipoitoa ndipo nikagundua nyumba yangu haikuwa ndogo kiasi kile, ilikuwa imejaa. Sasa chai tunanywea kwenye ubao ambao fundi aliupigilia ukutani kando ya friji, kimo cha kifua changu. Mwenye nyumba hataki misumari, lakini nilimwonyesha bega la mtoto, akaniruhusu.

Jiko lilinisumbua zaidi. Lile pazia nililolisifia kwenye sehemu ya pili, naomba mnisamehe, futeni. Nguo karibu na moto wa gesi ni hatari, na mtoto anaipita tu. Niliigeuza kabati ya vyombo ikae kama ukuta kati ya jiko na kochi, nikaifunga juu kwa waya na msumari isije ikamwangukia mtoto akiipanda, na kwenye uwazi uliobaki fundi akatengeneza kigeti kwa chaga za kitanda cha zamani. Kila cha moto kinaishi nyuma ya kigeti. Chupa ya chai, pasi ikiwa inapoa, maji ya kuoga mtoto. Maji ya mtoto, baridi kwanza ndipo ya moto.

Urembo haukuisha, ulipanda juu. Picha, maua, kikapu cha ukindu, vyote viko ukutani. Na zile picha za sebule ndogo nzuri tunazotumiana, ziangalieni vizuri: hazina mtoto hata mmoja.

Sasa kitambaa. Nilikifua, doa la chai likabaki hafifu, nikakificha chini ya godoro. Mama mkwe alipokuja kutusalimia alikaa, akaangalia huku na huku. "Mwanangu, meza iko wapi? Na kitambaa changu?" Nikasema nimekifua, mama. Alikaa siku tatu, na kila siku nikasema hakijakauka.

Usiku wa tatu alikuwa anamwogesha mtoto. Kovu lenyewe alishaambiwa ni chai. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza bila kugeuka, "Alivuta, eeh?"

Nikamjibu, "Ndiyo mama, alivuta."

Hakusema pole wala lawama. Aliniomba kitambaa, akakaa chini ya taa na miwani yake, akatafuta ncha ya uzi kwenye lile ua la mwisho, akaanza kufumua. Maua yote, pande zote nne, mpaka usiku mkubwa. Mimi nilikuwa nakunja nguo, hatukuongea. Alipomaliza alikipima juu ya friji. Kilienea sawasawa, hakuna kilichoning'inia.

Uzi aliuviringisha tonge, akautia kwenye mkoba wake, akaondoka nao asubuhi.