Uvira: Kabla ya kuingia katika mawimbi, pumua kwanza

Mimi ni mtoto wa Kalundu, nimekulia kando ya ziwa Tanganyika. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini ukivuma, mawimbi yanapanda. Sisi vijana tunalala juu ya vipande vya mbao na kuteleza nayo hadi mchangani.

Mwaka jana wimbi lilinipindua. Chini ya maji niliogopa, nikapiga miguu ovyo, nikameza maji. Mvuvi mmoja ndiye alinivuta kwa mkono. Toka siku ile, nikiona povu tu, pumzi ilikuwa inakatika.

Rafiki anayefanya yoga alinifundisha jambo dogo. Kila asubuhi ninakaa mchangani, ninavuta hewa kwa pua nikihesabu hadi 4, tumbo linajaa, kisha ninaitoa polepole hadi 6. Moyo unatulia. Halafu ninalala kifudifudi na kuinua kifua, ili mgongo na mabega yanyooke.

Ndugu zangu vijana, angalisho moja: msipumue haraka haraka kabla ya kuzama. Hiyo haiongezi nguvu. Inaondoa ile gesi inayouambia mwili uvute hewa, na mtu anaweza kuzimia majini bila dalili.

Juma lililopita nimerudi ziwani pamoja na wenzangu. Wimbi limenipindua tena. Safari hii sikupigana nalo. Nimesubiri lipite, nimepanda juu mwenyewe. Mama alikuwa pale pale ufukweni akinunua ndagala. Hakujua lolote.