KIFARANSA CHA WODINI, SEHEMU YA 4: "NINGALIJUA" NA UNDUGU WAKE

 

Wengi mmeniuliza kuhusu kale kaneno kanakojirudia kwenye karatasi za rufaa na madaftari ya kliniki ya wenzetu: aurait. Leo nakafungua. Ila jamani, kabla hamjaniambia "nesi, sisi Kifaransa cha nini?", kumbukeni tunapokaa. Nyarugusu imekuwa na ndugu zetu wa Kongo tangu 1996. Nduta ilifunguliwa tena 2015 Warundi walipoanza kuvuka kwa wingi. Wengine mmeolewa nao, wengine mnalima nao, wengine mnanyonyesha nao benchi moja kliniki. Kwa mdomo hatuna shida sana: Mrundi na Muha wanaelewana bila mkalimani, na Mkongo ana Kiswahili chake kitamu cha Fizi na Uvira. Kifaransa kinatukuta kwenye karatasi. Au kwa mama aliyesoma, siku akiwa na hofu, maneno yanamtoka kwa lugha ya shule.

Haya. Kwa Kiswahili ukisema "ningalijua, ningalikuja jana", kila mtu anaelewa mambo mawili: hukujua, na hukuja. Hiyo -ngali- inabeba jambo ambalo halikutokea na muda wake umepita. Siku hizi wengi tunasema tu "ningejua ningekuja", na wengine "ningelijua". Msigombane, sokoni zote zinapita. Vitabu vya shule ndivyo vinavyotaka -nge- ibaki kwa jambo ambalo bado lina nafasi na -ngali- kwa lililokwisha.

Mfaransa -ngali- yake anaigawa vipande viwili. Cha kwanza ni kitenzi kisaidizi: j'aurais, tu aurais, il au elle aurait, nous aurions, vous auriez, ils auraient. Cha pili ni kitendo chenyewe kikiwa kimeshatendeka: mangé, donné, vu. Basi j'aurais donné ni "ningalitoa". Vitenzi vichache, hasa vya kwenda na kuja, kuzaliwa, kufa na kuanguka, vinachukua serais badala ya aurais: je serais venue, ningalikuja. Ile e ya mwisho kwenye venue inaonyesha msemaji ni mwanamke. Haisikiki, inaandikwa tu.

Tofauti inayosumbua Waswahili ni hii. Sisi -ngali- tunaiweka pande zote mbili. Wao wanaiweka upande mmoja tu. Upande wenye si, yaani "kama", hauruhusiwi kuwa na aurais. Wanasema Si j'avais su, je serais venue hier. Watoto wa Ufaransa wanafundishwa kwa mchezo wa maneno kwamba misumeno haipendi samaki aina ya taa, kwa sababu kwao "msumeno" na "kama" vinasikika sawa, na jina la taa linasikika kama ile -rais ya mwisho. Mimi ulinisaidia kuliko kurasa kumi za daftari.

Sasa maneno matatu ya wodini.

J'aurais dû venir hier. "Nilipaswa kuja jana." Lakini angalia: Kiswahili chetu hapo hakisemi kama ulikuja au hukuja. Cha kwao kinasema wazi: hakuja, na inamuuma. Nikisikia hivyo najua nisianze na "mbona umechelewa?" Mama ameshajihukumu mwenyewe. Nauliza homa ilianza lini, mtoto amekojoa mara ngapi leo, ananyonya au hanyonyi.

J'aurais pu le perdre. "Ningeweza kumpoteza." Mtoto yuko hai! Kuna mgeni wa kazi aliyesikia neno perdre akaanza kumpa mama pole ya msiba, na mtoto yuko mgongoni anachezea kitenge. Tulicheka baadaye, na mama mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi.

Sans vous, il serait mort. "Bila nyinyi angalikufa." Hiyo ni shukrani. Pokea.

Sasa niwapeleke kwenye ile aurait ya karatasi, maana hapo ndipo roho ya mtu inapohusika.

Mfaransa anatumia maneno yale yale kwa kazi ya pili kabisa: kusema jambo alilolisikia bila kulithibitisha. Sisi tunasema "inasemekana", "nasikia", "eti". Redio zao zinafanya hivyo kila siku, na waganga wao wanaandika hivyo kwenye historia ya mgonjwa. L'enfant aurait convulsé si "mtoto angalipata degedege". Ni "inaelezwa kwamba mtoto alipata degedege, mimi sikuona". Mnaona hatari? Maneno ni yale yale. Maana moja inasema halikutokea, nyingine inasema huenda lilitokea.

Mchana mmoja bibi mmoja alituletea mjukuu wa miaka miwili, mwili moto, macho yamelegea. Mkononi karatasi ya mistari mitatu. Homa siku tatu. Aurait convulsé deux fois à la maison. Aurait reçu du diazépam vers 14 h. Mwanafunzi aliyekuwa zamu nami akaweka mistari kwenye simu, simu ikamjibu "angepokea diazepam". Akaniambia, "Dada, huyu hajapewa kitu."

Diazepam ni dawa ya kuzuia degedege. Inasaidia sana, lakini dozi ikirundikwa juu ya dozi inaweza kuzima pumzi ya mtoto mdogo. Kwa hiyo kujua kama ameshapewa, na saa ngapi, si jambo la sarufi tena. (Hiyo 14 h ni saa nane mchana kwa saa zetu. Bibi alifika kwetu saa tisa.)

Karatasi peke yake isingetumaliza mashaka, hata kwa anayeisoma vizuri, kwa sababu inasema "inaelezwa". Tukamgeukia bibi, kwa Kiha. Bibi, uliona mwenyewe au uliambiwa? Degedege la kwanza aliliona kwa macho yake. La pili aliambiwa na jirani, yeye alikuwa anatafuta pikipiki. Na dawa? "Dawa niliona. Walimwekea nyuma, miguu nilimshika mimi."

Basi ikawa imethibitika. Haikupita dakika ishirini mtoto akaanza kukakamaa tena. Tukamlaza ubavu, oksijeni, mfuko wa kupumulia ukawa tayari kando, sukari ikapimwa: iko chini sana. Akapewa sukari kwa mshipa, degedege likaachia. Dozi nyingine ya diazepam haikuhitajika. Matibabu ya malaria kali yakaendelea, na siku ya tatu akaomba uji.

Kwa hiyo mama, ukimleta mtoto, kwa lugha yoyote uliyonayo, tenganisha ulichoona na ulichosikia. "Niliona anatetemeka mkono wa kulia." "Jirani ameniambia alitapika." Vyote tunavitaka, ila kila kimoja na jina lake. Pakiti ya dawa, hata tupu, njoo nayo. Chupa ya dawa ya homa uliyonunua dukani, njoo nayo. Kama alipewa majani au alichanjwa chale, sema tu. Na yule aliyemshika mtoto dawa ilipotolewa, kama anaweza kuja, aje, hata kama ni dada wa kazi wa miaka kumi na tano. Yeye ndiye anayejua.

Na wewe uliyesoma Kifaransa na una karatasi ya namna hii nyumbani, ukikutana na aurait, tafuta si karibu yake. Ikiwepo "kama", mara nyingi ni -ngali-, jambo halikutokea. Isipokuwepo "kama", na karatasi inaeleza habari za mgonjwa, soma "inasemekana", halafu uliza aliyeona.

Mama wa Heru Juu aliyeandika inbox kuhusu shemeji yake wa Bujumbura: alichokuandikia, elle aurait accouché hier soir, maana yake anasikia wifi yenu amejifungua jana usiku. Usipike bado, piga simu kwanza.

Sehemu ya 5 Jumapili, nikitoka zamu: maneno ya maumivu, maana "inachoma" na "inakata" Kifaransa wanazitenganisha vizuri kuliko sisi tunavyozisema kliniki.