Ng'ambo, Kila Baraza na Neno Lake

Asubuhi ya vuli Darajani kunanukia nanasi, samaki na ubani kwa pamoja, na mgeni aliyeshuka kwenye boti ya kutoka Dar es Salaam hana budi kuamua aelekee wapi. Wengi hufuata milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, mji uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wanachokwenda kukitazama kinastahili kutazamwa. Nami naupenda, lakini safari hii niliupa mgongo. Nilivuka Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee hawajaacha kuiita Creek Road, nikaingia Ng'ambo.

Panapopita pikipiki na mikokoteni ya nazi, zamani yalipita maji. Hori ya bahari iliingia mpaka hapa ikautenga mji wa mawe na mji wa udongo na makuti, na watu walivuka kwa daraja. Ilifukiwa kidogo kidogo mpaka miaka ya 1950. Upande wa mawe walikaa matajiri, wafanyabiashara na maofisa. Upande huu walikaa wachukuzi, mafundi, wavuvi, wapishi, watu waliotoka utumwani na watoto wao, na humu ndimo alimoishi Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuipeleka taarabu ya Kiswahili kwenye sahani za santuri. Sehemu kubwa ya yale tunayoyaita ya Kizanzibari ilipikwa ng'ambo hii ya maji.

Mlandege na Mchangani ni maduka yaliyobanana bega kwa bega: kanga zimetundikwa mpaka juu ya vichwa, mabaibui meusi yenye shanga, viatu vya watoto, masufuria, saa za ukutani zenye sauti ya adhana. Mvua ya alfajiri imeacha madimbwi, na Vespa zinayapita kwa adabu, dereva akiinua miguu na kupunguza mwendo ili asimrushie mtu tope. Ukisimama katikati ya njia kwa kushangaa hutatukanwa. Utaambiwa, "Samahani kaka, nipishe," kisha utaulizwa umeamkaje. Salamu hapa haina haraka. Unaulizwa hali, unaulizwa watu wa nyumbani, unaulizwa za huko utokako, na anayeuliza anasubiri jibu.

Mwembetanga ndipo nilipokaribishwa kitako kwa mara ya kwanza. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya boriti na udongo uliopakwa chokaa, bati limeshika kutu, na mbele yake baraza iliyong'arishwa na miaka mingi ya kukaliwa. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua alinisogezea nafasi. Muuza kahawa akapita na dele lake, akagonganisha vikombe, nikapewa kahawa tungu na kashata ya njugu kabla sijasema nimetokea wapi. "Shikamoo mzee," nikasema. "Marahaba mwanangu. Karibu, hapa ndipo tunapouendesha ulimwengu."

Nilimwuliza anauonaje mtaa unavyobadilika, na hilo lilitosha. Alinionyesha jengo la ghorofa nne lililosimama ubavuni pa nyumba yake, vioo vya buluu, kuta bado zinanukia saruji. Hana ugomvi na mwenye jengo, alisema, ni mtoto aliyemwona akikua. Lakini ghorofa ile imemkatia upepo wa kaskazi. Zamani kaskazi ikianza, Disemba, alikuwa akilala mlango wa uani wazi na nyumba nzima inapoa. Sasa anasikia upepo ukivuma juu kwa jirani na yeye chini anajipepea kwa kipepeo. Sijawahi kusikia lawama ya ujenzi iliyo sahihi kuliko hiyo.

Bibi aliyekuwa akiuza vitumbua mkabala wake hakukubali. Alipaza sauti kutoka ng'ambo ya uchochoro bila kuacha kugeuza vitumbua kwenye chuma. Ghorofa imeleta wapangaji, wapangaji wanataka staftahi, na yeye sasa anamaliza unga wake kabla ya saa mbili asubuhi. Mzee ana upepo wake wa kulilia, yeye ana wajukuu wa kusomesha. Mzee akacheka mpaka kofia ikamkaa upande, akanunua vitumbua vya watu wote waliokuwepo. Vilikuwa vya moto, iliki imekolea, pembeni vimekauka na katikati vinalowanisha vidole.

Wakanisimulia habari ya 1928 kama jambo la jirani. Watu wengi wa Ng'ambo walimiliki nyumba lakini ardhi ilikuwa ya wengine, na kodi ya kiwanja ilipopanda wakaamua kwa pamoja kutolipa. Mgomo ule ulizungumzwa na kupangwa kwenye baraza kama hii na visimani walikokutana wanawake. Ndiyo maana nadhani mtu akidharau maneno ya barazani hapa atakuwa ameukosa mji wenyewe.

Kutoka hapo uchochoro unakunja mara kadhaa, unapita chini ya kamba za nguo, unapita msikiti mdogo na duka la Mpemba lenye kila kitu, halafu ghafla mbingu inafunguka na uko Michenzani. Hakuna picha iliyonitayarisha kwa ukubwa wake. Majumba kumi marefu, kila moja takriban mita mia tatu, yamepangwa kando ya barabara mbili pana zinazokutana kwenye mzunguko, na hapo kati sasa kuna mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi ya 1964. Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, alitaka watu wa Ng'ambo watoke kwenye makuti na kuingia nyumba zenye maji ya bomba, umeme na choo cha ndani. Mpango wa mji wa 1968 uliochorwa na Hubert Scholz wa Ujerumani Mashariki ulishika njia hiyo. Majumba yakapanda katika miaka ya 1970, na watu wa mji wenyewe wakijitolea kuchimba na kubeba zege. Nia ilikuwa kuijenga upya karibu Ng'ambo yote. Yakaishia hayo kumi, na nyuma yake mitaa ya zamani ikaendelea na maisha yake, paa za bati zikiegemea miguu ya majumba.

Wageni huyatazama na kusema ni mabaya, kisha wanaondoka. Mimi nasema wapande ngazi kwanza. Mama mmoja aliyekuwa akishuka na mtungi mtupu alinikaribisha kwake, ghorofa ya tano, kwa sababu tu nilimsaidia kuubeba kurudi ulipojaa. Maji ya bomba yana tabia ya kuchoka kabla ya kufika juu, alinieleza, na kila nyumba ina mapipa yake. Ngazi nazo zinajua magoti ya watu wote. Hakuwa akilalamika, alikuwa akinipa maelezo ya nyumba kamili, ya furaha na ya usumbufu, kama unavyomwonyesha mgeni vyumba vyote.

Ndani kulikuwa na mikeka, makochi ya rangi ya dhahabu, udi unafuka pembeni, na dirisha. Kutoka dirishani nikaona bati za Ng'ambo zikimeta kwa mvua, minara ya misikiti, minazi iliyobaki hapa na pale, na nyuma yake bahari ya Malindi na majahazi. Upepo aliokatiwa mzee wa Mwembetanga ulikuwa huku, mwingi, unapeperusha mapazia.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa nazi, mchuzi wa pweza uliokolea ndimu na bizari, na pilipili ya kusaga ambayo nilionywa na nikaonywa tena. Tulikula sinia moja, wanawe wawili, jirani aliyeingia kuomba chumvi akabaki, na mimi. Hapo ndipo niliposikia yale ambayo mchoraji wa majumba huenda hakuyafikiria. Harusi ya ghorofani inapikwa wapi? Chini, nyuma ya jumba, kwa kuni, masufuria ya biriani yanapangwa kwenye mafiga na jumba zima linanukia zafarani, kila mkazi ni mwalikwa apende asipende. Na msiba? Jirani alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba kumteremsha maiti kwenye ngazi zile ni kazi ya vijana wa jumba, wanajipanga wenyewe kila kona ya ngazi, wanapokezana, na haijawahi kutokea wakakosekana. Mama mwenye nyumba akaongeza kwamba mwanawe alipopata pesa alitaka kumhamisha nje ya mji, kwenye nyumba yenye ukuta na geti. Alikaa huko muda mfupi akarudi. "Kule nikikohoa hakuna anayeniuliza," alisema.

Alasiri mvua ilirudi, umeme ukakatika, na Ng'ambo yote ikatoka nje kukaa chini ya vibaraza. Nilijihifadhi karibu na Kisonge, maskani ambako siasa za Zanzibar zimejadiliwa kwa miaka mingi. Mbele yetu ilisimama Michenzani Mall, jengo la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, na ndilo lililokuwa mada. Kijana anayetengeneza simu alisema analipenda kwa moyo wote, maana dada zake sasa wanatembea jioni mahali penye mwanga na usalama bila kuvuka kwenda mji mwingine. Mwenzake, fundi cherehani, aliona kodi za vyumba mitaa ya jirani zimeanza kulifuata jengo kwenda juu. Wakabishana bila kuoneana ubaya. Wote wawili walikubaliana jambo moja: hakuna kivuli cha kukaa bure. Ukitaka kukaa mle, ununue kitu.

Jambo hilo limefika mpaka kwenye ofisi za wapangaji wa mji. Mpango uitwao Ng'ambo Tuitakayo ulizunguka mitaani kuwauliza wenyeji ni mahali gani wanapathamini, na pamoja na misikiti na viwanja vya mpira zikaorodheshwa baraza, maskani, miti ya kivuli. Nilifurahi kujua kwamba mkungu wa mtaani unaweza kuingia kwenye ramani ya serikali.

Jioni inapoingia, moshi wa mkaa unashuka barabarani na ni lazima ule urojo. Nilisimama kwenye meza ya mama aliyekuwa na ndoo ya mchuzi wa manjano, mzito kiasi, wenye ukali wa ukwaju na embe mbichi. Akakata kachori, akatupia bajia, viazi, chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba, mishkaki miwili, chatine ya nazi, kisha akaniuliza pilipili kiasi gani akiniangalia usoni. Nikamwachia aamue yeye. Alinikadiria vizuri: jasho lilinitoka lakini bakuli nilimaliza. Mteja wa pembeni, mzee wa Rahaleo, akanihadithia kwamba Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu, akipita mitaa hii, sigara mkononi, watoto walimfuata nyuma mpaka mwisho wa njia.

Baada ya sala ya isha dhumna zilianza kugongwa chini ya jumba, kwenye meza ya mbao iliyopigwa misumari upya mara nyingi. Mazungumzo yalikuwa ya Kwahani, ambako nyumba za zamani zilibomolewa na mahali pake pakapanda majumba mapya ya ghorofa. Mmoja alisema ni mazuri, kuta zimenyooka, na mji haupaswi kubaki na vyoo vya shimo ili watalii wapige picha. Mwingine alitaka kujua kama waliokuwa majirani bado wako mlango kwa mlango, maana ukichanganya watu upya unaanza tena kujifunza nani anaumwa na nani ana mgeni. Wa tatu, aliyekuwa akishinda mchezo, alisema kosa ni kujenga bila baraza chini, na kwamba mkandarasi angemwuliza yeye angempa kipimo: upana wa watu wawili kukaa na bao katikati.

Kijana mdogo kuliko wote, anayetarajia kuoa baada ya Ramadhani, alikuwa kimya muda huo wote. Wakamgeukia: je, yeye angekwenda? Akasema angehamia kesho, na mchumba wake amekwisha sema anataka jiko lenye dirisha. Sharti lake moja, mama yake ndiye achague ghorofa, kwa sababu mama anataka iliyo chini ya kutosha kusikia mtu akipiga hodi mtaani na iliyo juu ya kutosha kupata kaskazi. Meza nzima ikaanza kukadiria ni ghorofa ya ngapi hiyo, mmoja akisema ya pili, mwingine ya tatu, wakasahau ni zamu ya nani kucheza.